Miligramu za Nini? Chumvi za Dawa na Namna ya Kuzitaja kwa Kiswahili

Mtu akishika pakiti ya dawa akasoma kibandiko chake, mara nyingi ataona kuwa jina la dawa ni maneno mawili. La kwanza ndilo analolijua na kulitamka: kwinini, klorokwini, penisilini, diklofenaki. La pili hulipita bila ya kulitazama: salfeti, fosfeti, sodiamu, haidrokloraidi. Wengi hudhani kuwa neno hili la pili ni pambo la wataalamu tu, na kwamba likiondolewa hakuna kitakachopungua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sivyo. Neno la pili hutaja chumvi ambayo dawa imefanywa, na chumvi hiyo huamua mambo matatu makubwa: kiasi cha dawa yenyewe kilichomo katika kidonge, njia na kasi ya kuingia kwake mwilini, na jinsi dawa inavyopasa kutunzwa na kutayarishwa.

Mwandishi wa makala haya si mganga wala mfamasia. Kazi yake ni lugha. Lakini hesabu ya dawa humfikia mgonjwa kwa njia ya maneno, na maneno yakiwa na ukungu, hesabu nayo huingia ukungu. Kwa hiyo tutaeleza kwanza jambo lenyewe lilivyo, kisha tutatazama jinsi Kiswahili kinavyoweza kulisema pasipo shaka.

1. Neno “chumvi”

Katika matumizi ya kila siku chumvi ni kile kitu cheupe cha jikoni kinachokoleza mchuzi. Kiswahili kina neno jingine la maana hiyo, munyu, ambalo ni la asili moja na omunnyo la Kiganda na umunyu la Kinyarwanda. Lakini kwetu munyu limebaki zaidi katika lahaja za kaskazini na katika ushairi, na chumvi ndilo lililoenea.

Hata hivyo wazee wetu hawakulifunga neno hili katika chungu cha mchuzi peke yake. Dawa ya kuharisha iliyouzwa madukani iliitwa chumvi ya haluli, nayo kwa kemia ni salfeti ya magnesiamu. Ladha yake si ya chumvi tuijuayo, bali ni uchungu. Lakini umbo lake, weupe wake na kuyeyuka kwake majini viliwatosha watu kuihesabu katika ukoo wa chumvi. Kadhalika magadi ya kulainishia maharage, shabu ya kusafishia maji, shura, na mrututu wa rangi ya buluu uliotiwa vidondani, vyote hivi kwa mwanakemia ni chumvi. Basi mwanakemia asemapo “chumvi ya kwinini” halazimishi neno letu kubeba mzigo mgeni kabisa. Anaipanua njia ambayo wenye lugha walikwisha kuianza.

Maana ya kisayansi ni hii. Kuna vitu viitwavyo tindikali, na kuna vingine viitwavyo besi. Tindikali na besi zikikutana, kila moja hupoteza ukali wake, na kinachozaliwa huitwa chumvi. Chumvi ya jikoni yenyewe yaweza kupatikana hivyo, kwa kukutanisha tindikali ya haidrokloriki na magadi makali ya sodiamu. Jina la chumvi, kwa hiyo, hutaja wazazi wawili: sodiamu kutoka upande wa besi, kloraidi kutoka upande wa tindikali.

2. Kwa nini dawa hugeuzwa kuwa chumvi

Dawa nyingi kwa asili yake ni besi, na nyingine ni tindikali. Tuchukue kwinini, dawa yenye historia ndefu katika vita vya kupambana na malaria. Ilitoka katika magome ya mkwinini, mti wa milima ya Amerika ya Kusini, na mwaka 1820 wataalamu wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga na magome hayo mjini Paris. Afrika ya Mashariki na ya Kati nazo zimo katika historia hii. Huko Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, mikwinini ilipandwa. Na katika Kivu, upande wa Bukavu, mashamba ya mti huo yamelisha kiwanda cha kutengeneza kwinini.

Kwinini itokayo katika magome ni besi, na ikiwa katika hali hiyo haipendi maji. Ukiitia majini hukaa chini kama unga wa chokaa. Lakini ikikutanishwa na tindikali hugeuka chumvi, na chumvi hiyo huyeyuka. Wala chumvi zake zote hazilingani. Gramu 1 ya salfeti ya kwinini huhitaji kiasi cha mililita 800 za maji ili iyeyuke yote. Gramu 1 ya haidrokloraidi-mbili ya kwinini, yaani kwinini iliyoshika sehemu mbili za tindikali ya haidrokloriki badala ya moja, huyeyuka katika maji yasiyofika mililita 1. Hii ndiyo sababu salfeti ilifaa kwa vidonge, na haidrokloraidi-mbili ikawa ndiyo ya sindano. Dawa ni ile ile moja, na kazi yake mbele ya vimelea vya malaria ni ile ile, lakini chombo kinachoipakia si kimoja.

Tuyatumie maneno ya watu wa pwani. Dawa yenyewe ni shehena, na kile kilichoungana nayo kuifanya chumvi ni jahazi. Mgonjwa huhitaji shehena. Jahazi kazi yake ni kuifikisha. Lakini unapokiweka kidonge katika mzani, unapima jahazi pamoja na shehena yake. Hapo ndipo matatizo ya hesabu yanapoanza.

3. Uzito wa chumvi na uzito wa dawa

Kila chumvi ina uzito wake wa ziada. Ili kupata miligramu 100 za kwinini halisi, hapana budi kuwa na miligramu 121 za salfeti, au 122 za haidrokloraidi, au 122 za haidrokloraidi-mbili. Tofauti ya hizi tatu ni ndogo mno, hata mtu akibadili moja kwa nyingine hataona dhara. Lakini ipo chumvi ya nne, baisalfeti, ambayo yahitaji miligramu 169 kwa kazi ile ile. Sasa tazama vidonge viwili, kila kimoja kimeandikwa “kwinini, miligramu 300”. Kimoja ni cha salfeti, nacho kina kwinini halisi kiasi cha miligramu 248. Cha pili ni cha baisalfeti, nacho kina kiasi cha miligramu 178 tu. Mgonjwa aliyeagizwa vidonge viwili, mara tatu kwa siku, kwa siku 7, atameza vidonge 42. Akipewa vya baisalfeti kwa hesabu ya salfeti, atakuwa amemaliza dozi yake yote kwa uaminifu, na hali amepata pungufu ya robo tatu ya dawa iliyokusudiwa. Malaria ikimrudia atasemwa kuwa hakumeza dawa vizuri, au dawa itasemwa kuwa imeshindwa.

Klorokwini ina hesabu yake. Kidonge cha fosfeti ya klorokwini chenye uzito wa miligramu 250 kina klorokwini halisi ipatayo miligramu 150. Kidonge hicho hicho chaweza kuandikwa “250” na kiwanda kimoja, na “150” na kiwanda kingine, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Mmoja ametaja jahazi na shehena. Mwingine ametaja shehena peke yake.

Jambo linalozidisha utata ni kwamba desturi ya kuagiza haikuwa moja hata kwa dawa hizi mbili za ugonjwa mmoja. Dozi ya klorokwini hutajwa kwa uzito wa besi: miligramu 10 za besi kwa kila kilo ya mwili siku ya kwanza, 10 siku ya pili, na 5 siku ya tatu. Dozi ya kwinini ya sindano, kinyume chake, hutajwa kwa uzito wa chumvi: miligramu 20 za chumvi kwa kila kilo mwanzoni, kisha 10 kila baada ya saa 8. Mwuguzi aliyezihudumia zote mbili katika wodi moja alilazimika kubadili mzani kichwani mwake kila alipotoka kwenye kitanda kimoja kwenda kingine.

Tufanye hesabu ya mtoto mwenye uzito wa kilo 10. Klorokwini yake ya siku ya kwanza ni miligramu 100 za besi, yaani theluthi mbili za kidonge. Anayehesabu kwa namba 250 atampa sehemu mbili tu katika tano za kidonge, na mtoto atapata besi kiasi cha miligramu 60: pungufu ya sehemu nne katika kumi. Upande wa kwinini kosa huelekea kwingine. Dozi ya mwanzo ya mtoto yule yule ni miligramu 200 za chumvi. Anayedhani kuwa zilizotajwa ni za besi atapandisha chumvi hadi miligramu 244, yaani zaidi ya moja ya tano juu ya haki yake. Na kwinini iliyozidi huvumisha masikio, huteremsha sukari ya damu na kuusumbua moyo.

Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, na tangu mwaka 2006 imetumia dawa mseto. Lakini swali la besi na chumvi halikuondoka na klorokwini. Primakwini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeshauri itolewe kwa dozi ndogo ya mara moja ili kuzuia mbu wasiipokee malaria kutoka kwa mgonjwa, huagizwa kwa miligramu 0.25 za besi kwa kila kilo. Miligramu 15 za besi yake zimo katika miligramu 26.3 za fosfeti. Kwa watu wenye upungufu wa kurithi wa kimeng’enya cha G6PD, upungufu ambao si haba katika Afrika yetu, primakwini iliyozidi yaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo hapa kukosea mzani si jambo la kupuuzwa.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumba zetu ni vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito. Anachohitaji mama ni madini ya chuma, na chuma haimezwi peke yake. Humezwa katika chumvi. Miligramu 60 za chuma zimo katika miligramu 300 za salfeti ya chuma yenye maji yake ya asili, au miligramu 180 za fumareti, au miligramu 500 za glukoneti. Mama aliyezoea kidonge cha 300 akipewa cha 180 hulalamika kuwa amepunjwa, naye hakupunjwa. Na yule anayepewa kidonge cha glukoneti cha miligramu 300 hutulia akidhani amepata kile kile, na kumbe amepata chuma miligramu 35 tu. Namba kubwa si dawa nyingi.

Kwa dawa ya kifafa iitwayo fenitoini tofauti ni ndogo kuitazama, lakini haifai kudharauliwa. Miligramu 100 za fenitoini ya sodiamu ni sawa na miligramu 92 za fenitoini halisi. Vidonge vya dawa hii aghalabu huwa vya chumvi ya sodiamu, na dawa yake ya maji huwa ya fenitoini halisi. Mwili huiondoa fenitoini kwa kadiri yenye mpaka. Mpaka ukifikiwa, nyongeza ndogo ya dozi huleta ongezeko kubwa katika damu. Ndiyo maana mgonjwa aliyetulia kwa vidonge, akihamishiwa dawa ya maji, hana budi kuhesabiwa upya na kuangaliwa.

Si haki, hata hivyo, kumtia msomaji hofu juu ya kila neno la pili. Kwa dawa nyingi za siku hizi namba ya kidonge ni ya shehena peke yake. Amlodipini ya shinikizo la damu ni mfano: kidonge cha 5 kina miligramu 5 za amlodipini halisi, ingawa chumvi yake ya besileti ina uzito wa karibu miligramu 7. Kiwanda kingine kikitumia chumvi nyingine, 5 hubaki 5. Hapo mgonjwa hana cha kuhesabu, kwa sababu mwandishi wa kibandiko amekwisha kumhesabia.

4. Njia na kasi

Chumvi haibadilishi uzito peke yake. Hubadilisha pia mwendo. Hakuna dawa inayoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko penisilini ya sindano, ambayo ni tindikali, na kwa hiyo huunganishwa na besi mbalimbali.

Ikiunganishwa na sodiamu au potasiamu, penisilini huyeyuka upesi majini, huingia katika damu kwa haraka, na hutoka kwa haraka vile vile; mgonjwa mahututi huchomwa mara kadhaa kwa siku. Ikiunganishwa na prokaini huyeyuka polepole, na sindano moja hutosha siku nzima. Ikiunganishwa na benzathini karibu haiyeyuki kabisa. Hukaa ndani ya msuli kama akiba ghalani, ikitoka kidogo kidogo kwa majuma. Kwa sababu hiyo ndiyo inayotumika kutibu kaswende ya mwanzo kwa sindano ya siku moja, na ndiyo wanayochomwa, kila baada ya majuma matatu au manne, watoto waliopata homa ya rumatiki, ili moyo wao usidhurike zaidi.

Basi hizi ni penisilini tatu au ni moja? Mbele ya vijidudu ni moja. Mbele ya sindano ni tatu, na kuzichanganya ni hatari ya kufisha. Penisilini ya benzathini ni ya msuli tu. Ikiingizwa katika mshipa wa damu yaweza kusimamisha moyo na pumzi, na vifo vya namna hiyo vimewahi kutokea. Na hata kati ya sodiamu na potasiamu iko tofauti: kila milioni moja ya yuniti za penisilini ya potasiamu huleta potasiamu yake, na dozi kubwa ikisukumwa mshipani kwa haraka, hasa kwa mtu mwenye figo dhaifu, potasiamu hiyo yaweza kuudhuru moyo. Hapa jahazi lenyewe limekuwa jambo la kuangaliwa, mbali na shehena.

Diklofenaki, dawa ya maumivu inayojulikana katika kila duka la dawa, yatufundisha somo dogo la aina hiyo. Ya potasiamu aghalabu hufanywa kidonge cha kuyeyuka upesi tumboni, nayo hutuliza maumivu mapema. Ya sodiamu aghalabu hufunikwa kwa ganda lisiloyeyuka mpaka kidonge kifike utumboni, kwa hiyo hukawia. Anayesema kuwa “hii si kali kama ile” huenda hakulinganisha nguvu. Amelinganisha mwendo tu.

5. Kutunza na kutayarisha

Chumvi ya jikoni, wakati wa masika, hulowa ndani ya kibakuli kwa sababu hunyonya maji yaliyo hewani. Chumvi za dawa nazo zina tabia zao. Valproeti ya sodiamu, dawa nyingine ya kifafa, hunyonya unyevu mno, na kwa hiyo vidonge vyake havifai kutolewa katika karatasi yake ya bati mpaka wakati wa kumeza. Desturi ya kuvitoa vyote na kuvihesabu katika bahasha ya karatasi, ambayo kwa vidonge vingine haina dhara kubwa, kwa hivi huviharibu, hasa katika hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja. Salfeti ya chuma ikikaa katika hewa yenye unyevu hugeuka rangi na kufanya ukoko wa manjano ya kahawia, yaani chuma imeanza kubadilika. Salfeti ya kwinini hufifia kwa mwanga na kugeuka rangi, kwa hiyo hutunzwa gizani.

Lakini mfano ulio bora katika mlango huu ni atesuneti, ambayo leo ndiyo inayotangulizwa kwa malaria kali badala ya kwinini. Dawa hii hutoka kiwandani ikiwa unga mkavu wa tindikali ya atesuniki, usiopenda maji. Ingeweza kugeuzwa chumvi ya sodiamu kule kule kiwandani na kutiwa katika maji, ila chumvi hiyo haidumu. Ikikaa majini huvunjika. Basi imefanyiwa hila ya busara: chumvi hutengenezwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwuguzi huchukua kichupa cha miligramu 60, akatia mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu iliyokuja pamoja nacho, akatikisa. Povu hutoka, kwa kuwa tindikali imekutana na besi, na maji yakitakata chumvi imekwisha kuzaliwa. Kisha huongeza mililita 5 za maji ya chumvi au ya sukari ya kutilia mshipani, na kila mililita huwa na miligramu 10 za dawa. Mtoto wa kilo 10, ambaye hustahiki miligramu 3 kwa kila kilo, atapata mililita 3. Kilichobaki kisipotumika katika muda wa saa moja humwagwa.

Anayejua kuwa hapo anatengeneza chumvi, tena chumvi isiyodumu, haoni taabu kuelewa amri zote tatu: kwa nini maji matupu hayatoshi, kwa nini asubiri mpaka yatakate, na kwa nini asiiweke dawa mpaka zamu ya jioni. Asiyejua huzishika amri kwa kukariri, na kilichokaririwa hupotea siku ya haraka.

6. Jinsi ya kulisema jambo hili kwa Kiswahili

Sasa turudi kwenye lugha. Kiswahili kina msemo wa kutia chumvi, yaani kuliongeza neno kupita kweli yake. Msemo huu wafaa ajabu katika shauri letu, kwa maana kidonge cha 250 chenye dawa 150 kimetiwa chumvi kwa maana zote mbili. Namba yake si uwongo, bali imezidi kile ambacho msikilizaji anadhani ameambiwa.

Kiini cha tatizo, kwa maoni yangu, si upungufu wa msamiati. Ni mpangilio wa maneno. Vibandiko vingi huandika “klorokwini fosfeti miligramu 250”, majina mawili yaliyowekwa bega kwa bega kwa mfano wa lugha nyingine, pasipo kiunganishi. Sarufi yetu kwa kawaida haikubali majina kukaa hivyo bila ya kueleza uhusiano wao. Sisi husema kikombe cha chai, na twajua kuwa kinachotajwa ni kikombe. Husema chai ya kikombe kimoja, na twajua kuwa kinachotajwa ni chai. Kiunganishi hiki kidogo, -a, ndicho kimwambiacho msikilizaji neno gani ni bwana na neno gani ni mfuasi. Tukikiacha, twaiacha namba ielee, na msomaji hajui aifunge kwenye jina lipi.

Kwa hiyo yafaa kutumia miundo miwili, kila mmoja kwa kazi yake. Uzito ukiwa ni wa chumvi nzima, iandikwe: “miligramu 250 za fosfeti ya klorokwini”. Uzito ukiwa ni wa dawa peke yake, iandikwe: “miligramu 150 za klorokwini, katika umbo la fosfeti”. Katika muundo wa kwanza za hushika fosfeti. Katika wa pili hushika klorokwini. Tena, palipo na nafasi, yote mawili yaandikwe pamoja: “miligramu 250 za fosfeti ya klorokwini, zilizo sawa na miligramu 150 za klorokwini”. Hakuna neno jipya hapa, wala hakuna sarufi ngeni. Ni Kiswahili kile kile cha sokoni, kilichotumiwa kwa uangalifu.

Pana shauri la pili, nalo ni la kumwonea huruma mgonjwa. Mtu mwenye shinikizo la damu huambiwa apunguze chumvi. Akisoma kuwa dawa yake ni “chumvi ya sodiamu” aweza kuiacha kwa hofu. Hofu hiyo mara nyingi haina msingi: kidonge cha miligramu 50 cha diklofenaki ya sodiamu kina sodiamu isiyofika miligramu 4. (Ikiwa diklofenaki yenyewe haimfai mtu wa shinikizo, si kwa ajili ya sodiamu hiyo ndogo.) Lakini mara nyingine hofu ina msingi. Vidonge vya parasetamoli vya kutoa povu majini vyaweza kuwa na sodiamu ya karibu miligramu 400 kila kimoja, na anayekunywa 8 kwa siku hupita mbali kiasi cha gramu 2 ambacho Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima asikizidi. Sodiamu hii haitoki katika dawa yenyewe, bali katika bikaboneti iletayo povu. Kwa sababu hii napendekeza kuwa vibandiko vya wagonjwa vitumie neno umbo, kama tulivyofanya hapo juu, na neno chumvi liachiwe vitabu vya mafunzo, ambako mwalimu yupo wa kulieleza. Na sodiamu ikiwa nyingi, itajwe wazi kwa miligramu zake.

Watu husema kuwa mzee fulani amekula chumvi nyingi, wakimaanisha kuwa ameishi na kuona mengi. Anayepokea dawa si lazima awe amekula chumvi kiasi hicho ili ajilinde. Lamtosha swali moja, la maneno matatu, ambalo mama wa mtoto, mwuguzi na mwenye duka la dawa wanaweza kuulizana bila ya kuoneana haya, kila namba inapotajwa: miligramu za nini? Kibandiko kilichoandikwa kwa Kiswahili sahihi kitakuwa kimekwisha kulijibu.